Kura Mbili: Mangapwani na Mlango wa Marekani

Neno kura katika Kiswahili lina kazi mbili. Tunapiga kura kumchagua kiongozi, na hapo kila mtu husema alitakalo. Tunapiga kura pia tunapogawana vitu, mafungu ya samaki au vipande vya shamba la urithi, na hapo kila mtu hunyamaza akaiachia kura iseme. Makala haya ni juu ya kura ya namna ya pili: ile ambayo Marekani iliianzisha katika miaka ya 1990 kugawa viza za ukaazi wa kudumu kwa watu wa nchi za nje, na ambayo huku kwetu Unguja imejulikana zaidi kwa jina la tunu yake, grini kadi.

Nimechagua kuitazama kutokea Mangapwani. Pwani ya kijiji hicho imeshuhudia watu wakija na watu wakiondoka kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Ukizipanga sababu hizo kwa zamu utaona kwamba kila enzi ilikuwa na mlango wake wa safari, na kila mlango ulikuwa na mwenyewe. Kura nayo ina mwenyewe. Hilo ndilo ambalo jina lake, bahati nasibu, hutusahaulisha.

Enzi ya upepo

Mangapwani iko kaskazini-magharibi mwa Unguja, mwendo wa kilomita 20 na ushei kutoka Mji Mkongwe, ukishapita Bububu na Chuini, katika njia iendayo Bumbwini. Manga, kwa Kiswahili cha wazee, ni Arabuni, na khasa upande wa Omani. Ndiyo maana tuna pilipili manga na kungumanga, na ndiyo maana mtu aliyetoka huko karibuni aliitwa Mmanga. Wengi huifasiri Mangapwani kuwa pwani ya Wamanga. Jina la kijiji, basi, limebeba habari ya watu waliofika. Walifika kwa kaskazi, na waliotaka kurudi walirudi kwa kusi. Aliyetaka kukaa alitafuta mwenyeji, akaoa, akalima au akafungua duka, na baada ya kizazi kimoja watoto wake hawakuwa na lugha nyingine ila Kiswahili.

Ni rahisi kuzisifu enzi hizo, lakini pwani yenyewe haituruhusu kuzisifu kupita kiasi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Biashara haikufa siku hiyo, ilijificha. Mangapwani kipo hadi leo chumba kilichochongwa katika jiwe la matumbawe, chini ya usawa wa ardhi, na kuezekwa kwa mawe, ambacho hunasibishwa na tajiri Mohammed bin Nassor. Humo watu walifichwa mpaka usiku uingie na majahazi yawachukue. Waliopita hapo waliondoka Unguja bila ya kuomba na bila ya kuulizwa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba zamani watu walisafiri kwa hiari na leo wanasafiri kwa kibali. Upepo ulikuwa mmoja. Walikuwapo walioupandishia tanga, na walikuwapo waliopakiwa chini ya tanga hilo.

Katika miaka hiyo hiyo karatasi nayo ilianza kupata nguvu. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyasimamisha majahazi na kuyapekua. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur, huko Omani, waligundua kwamba jahazi lenye bendera na karatasi za Ufaransa halipekuliwi kwa urahisi, wakazitafuta karatasi hizo. Uingereza na Ufaransa zikazozana, na shauri likafikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya Hague, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1905. Mahakama ikaweka mipaka juu ya nani astahiki kupewa bendera hiyo, na ikasema kwamba ruhusa ya kuipeperusha haihamishwi kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine, hata kama mwenyewe ni yule yule. Msomaji aliyewahi kushika fomu ya uhamiaji ataitambua sauti hiyo. Kibali ni cha fulani, si cha nduguye. Ni cha safari hii, si cha safari ile.

Walipokuja wao

Marekani haikuanza kujuana na Unguja kwa grini kadi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, merikebu kutoka Salem, Massachusetts, zilitia nanga bandarini petu kununua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu, na kuuza kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Waswahili wakakiita kitambaa hicho marikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Mababu zetu, basi, waliivaa Marekani kabla ya kujua iko upande gani.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan aliingia mkataba wa urafiki na biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mkataba huo uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoshushwa. Ulikuwa pia na kifungu kimoja ambacho ningependa kila ajazaye fomu ya kura akijue: raia wa Marekani waliokuja kufanya biashara waliruhusiwa kushuka na kukaa katika bandari za Sultani bila ya kulipa kodi yoyote kwa ajili ya ruhusa hiyo. Hawakuulizwa wamesoma madarasa mangapi. Hapakuwa na hesabu ya wangapi waingie kwa mwaka. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake, akaishi na kufanya biashara mjini.

Sultani naye alituma merikebu yake. Tarehe 30 Aprili 1840 Sultana iliingia New York, na ndani yake alikuwamo mjumbe wa Sayyid Said, Ahmad bin Na'aman. Jiji lilimpokea kwa heshima, mchoraji Edward Mooney akamchora, na jeshi la maji la Marekani likaifanyia matengenezo merikebu hiyo kabla haijarudi. Mabaharia walitembea mitaani wakitazamwa kwa mshangao, lakini hapakuwa na aliyewauliza viza.

Mali zetu ndizo zilizobaki kule. Pembe za ndovu zilizopitia Unguja zilichongwa katika viwanda vya Connecticut zikawa vibonyezo vya piano. Zikapata ukaazi wa kudumu bila ya kuomba. Wao nao waliacha alama zao huku. Reli iliyotoka mjini hadi Bububu, nusu ya njia ya kwenda Mangapwani, ilijengwa na kampuni ya New York mwaka 1905. Ubalozi wao mdogo wa Unguja uliendelea, kwa vipindi, hadi ulipofungwa mwaka 1979. Tangu hapo Muunguja atakaye viza ya Marekani hana budi kwanza avuke bahari.

Wakati huo mlango wa upande wa pili ulikuwa umekwishawekwa kitasa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 iligawa nafasi za wahamiaji kwa asili za watu, na makusudio yake yalikuwa kuwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi. Tanganyika nzima, iliyokuwa chini ya udhamini wa Waingereza, iliandikiwa nafasi 100 kwa mwaka.

Mlango wa nasaba

Kabla ya kufika kwenye kura, hatuwezi kuupita mlango mwingine ambao kwa Waunguja wengi ulikuwa mkubwa kuliko wa Marekani. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwatoa visiwani maelfu ya watu, na katika miaka iliyofuata ruhusa ya kusafiri ilikuwa ngumu kupatikana. Wako waliovuka usiku kwa ngalawa na mashua. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alishika utawala wa Omani, akawaita Waomani waliokuwa nchi za nje warudi kuijenga nchi yao. Mwito huo ulifika Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Bujumbura. Wengi walikwenda, na Kiswahili kikaenda nao. Hadi leo unaweza kukisikia katika nyumba na ofisi za Maskati.

Ufunguo wa mlango huo ulikuwa nasaba. Aliyeweza kutaja kabila lake la Kiomani, na kupata wa kumshuhudia, alifunguliwa. Jirani yake aliyezaliwa mtaa huo huo, akasoma chuo kimoja naye na kucheza naye ufukweni, alibaki nje kama hana ukoo wa kuutaja. Na mlango ulipokuja kufunguliwa kwa wasio na nasaba, ulifunguliwa kwa mikataba ya kazi, khasa kazi za nyumbani kwa wasichana wetu, yaani ukaazi wenye tarehe ya mwisho na wenye bwana wa kuushikilia.

Mlango wa nasibu

Kwa sikio la Mswahili nasaba na nasibu ni kama ndugu. Kwa asili zao za Kiarabu si ndugu: nasaba huandikwa kwa sini, nasibu kwa swadi. La kwanza ni uzao. La pili ni fungu, sehemu aliyokatiwa mtu. Neno bahati limetoka kwa Waajemi, likaja kuungana na nasibu katika lugha yetu, na muungano huo ukatuzoesha kufikiri kwamba nasibu ni kitu kinachoanguka chenyewe kama embe lililoiva. Asili ya neno inatukumbusha vingine. Penye fungu pana mkataji.

Na wakataji wa fungu hili hawakuwa wakitufikiria sisi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 iliufuta mgao wa 1924, ikawapa nafasi kwanza wenye jamaa wa karibu huko na wenye ujuzi uliohitajiwa. Watu wa Ayalandi, ambao jamaa zao walikuwa wamehamia vizazi vingi nyuma, wakajikuta hawana wa kuwaita. Katika miaka ya 1980, uchumi wa kwao ulipodhoofika, vijana wengi wa Kiayalandi walikuwa wakiishi Boston na New York bila ya karatasi. Lakini walikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatukuwa nacho: mamilioni ya Wamarekani wenye asili ya Ayalandi waliokuwa wapiga kura, na wabunge waliowahitaji. Brian Donnelly wa Massachusetts aliwatafutia njia katika sheria ya 1986: maombi yatumwe kwa posta, na wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupewa. Mwanzoni mwa 1987 zikamiminika barua zaidi ya milioni 1. Kisha tarehe 29 Novemba 1990 Rais George Bush, baba, akatia saini sheria iliyoweka kura ya kudumu. Katika kipindi cha mpito, 1992 hadi 1994, asilimia 40 ya nafasi zilitengwa kwa ajili ya Ayalandi.

Kuanzia mwaka wa hesabu wa 1995 kura ikawa ya walimwengu. Viza zilikuwa 55,000 kwa mwaka, zikapunguzwa kuwa kama 50,000 kuanzia 1999. Nchi iliyokwishapeleka wahamiaji zaidi ya 50,000 katika miaka mitano ilitolewa, na hakuna nchi iliyoruhusiwa kupata zaidi ya asilimia 7. Kwa kanuni hizo, sheria iliyotungwa kwa kumkumbuka Muayalandi ikamfungulia mlango Mghana, Muhabeshi, Mkenya na Mtanzania. Watungaji wake wengi hawakulitarajia hilo.

Tumchukue sasa kijana wa Mangapwani wa miaka ya 2010. Maombi yalikuwa yamekwisha kuwa ya intaneti tu tangu 2003, na kuomba hakukuwa na ada. Anapanda daladala hadi mjini, anapigwa picha mbele ya ukuta mweupe, anaketi kwenye kibanda cha intaneti. Swali la kwanza la fomu ndilo linalomkwaza: jina la ukoo. Sisi huandika jina letu, la baba na la babu. Jina la babu ndilo linalogeuzwa kuwa la ukoo, na mwanawe atakuwa na jengine. Mimi ambaye hutafsiri vyeti kwa watu nimeona mara nyingi Khamis wa cheti cha kuzaliwa akawa Hamisi wa cheti cha skuli, na kila herufi moja iliyozidi hutaka kiapo cha kuieleza. Fomu ina nafasi ya mke mmoja. Watoto wote walio chini ya miaka 21 lazima waandikwe. Aliyeacha kumwandika mmoja huweza kunyimwa viza kwa sababu hiyo.

Kura, tunaambiwa, haina macho. Hii inayo. Humtaka aliyechaguliwa awe amesoma kiasi cha miaka 12, au awe na miaka miwili katika kazi ambayo kujifunza kwake huchukua muda mrefu. Madarasa saba ya msingi na manne ya sekondari ni 11, na hapo maelezo huanza. Mvuvi anayejua nyota, mikondo na miamba yote ya kutoka Mangapwani hadi Tumbatu hana cheti cha ujuzi huo. Katika orodha ya kazi inayotumika, uvuvi hauhesabiwi miongoni mwa kazi zinazokubaliwa. Mwanamke alimaye mwani ni hivyo hivyo.

Na kuchaguliwa si kupata. Kwa kura ya mwaka wa 2018 walioomba walizidi milioni 14, na waliochaguliwa walikuwa zaidi ya mara mbili ya viza zilizokuwapo. Mchaguliwa hupewa nambari ya foleni. Kisha hutakiwa alipe dola 330 kwa kila kichwa cha familia yake, na gharama za daktari juu yake, na fedha hizo hazirudi hata akinyimwa. Yote hayo yakamilike kabla ya tarehe 30 Septemba ya mwaka wa kura yake. Siku hiyo ikipita, nambari hufa. Hapa ndipo ng'ombe huuzwa, na kipande cha shamba huwekwa rehani, na shemeji aliye Dubai hupigiwa simu. Mei 2011 watu wapatao 22,000 duniani waliambiwa wamechaguliwa, kisha wakaambiwa matokeo yamefutwa kwa sababu kompyuta ilikuwa imekosea. Wako waliokuwa wamekwishaaga.

Kisu

Tarehe 31 Januari 2020 Rais Donald Trump alitia saini tangazo juu ya nchi sita. Kwa nchi nne, viza za wahamiaji kwa jumla zilisimamishwa. Kwa mbili, Sudan na Tanzania, kilichosimamishwa kilikuwa kitu kimoja tu: viza za kura. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba nchi hizo hazikutimiza masharti ya kupeana taarifa za utambulisho na usalama. Mtanzania aliyechaguliwa kwa mwaka ule, akiwa na vyeti vyake vyote na kodi zake zote amelipa, alizuiwa kwa jambo ambalo si yeye aliyelitenda wala si yeye awezaye kulirekebisha. Rais Joe Biden alilifuta tangazo hilo tarehe 20 Januari 2021. Lakini mwaka wa hesabu ulikuwa umefungwa tangu Septemba iliyotangulia, na nambari zilizokufa hazikufufuliwa. Desemba 2025 likatoka tangazo jingine lililowazuia wahamiaji kutoka Tanzania kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na mwezi huo huo serikali ya Marekani ikatangaza kuisimamisha kura yenyewe.

Mkononi mwa mshairi kalamu haikai bure, nami niliandika ubeti huu:

Upepo ulotuleta, haukuuliza hati,
Mgeni alipopita, tulimwekea busati,
Leo sisi twamfwata, atwambia ni bahati,
Fungu lina mkataji, nasibu haijikati.

Sisemi kwamba kijana asiombe. Mwenye kutaka kwenda na aende; watu wa pwani hii hawajawahi kulaumiwa kwa kusafiri. Wala sioni kwamba Marekani ina deni la kutulipa kwa mkataba wa 1833, ambao aliyeutia saini aliangalia faida yake pia. Ninachokisema ni kwamba aliyekosa asijihesabu kuwa mtu asiye na bahati, na aliyepata asidhani alichaguliwa na mbingu peke yake. Nimewasikia wazazi wakimwambia mtoto kwamba nyota yake ni nzito, kwa sababu ya jambo lililoamuliwa Washington kwa saini moja.

Turudi kwenye neno letu. Ile kura ya kunyamaza, inayogawa mafungu, ilizaliwa na kura ya kusema: Muayalandi wa Boston alipiga kura, mbunge wake akasikia, sheria ikatungwa. Na kila ilipozuiwa, ilizuiwa na viongozi waliowasikiliza wapiga kura wao. Mtanzania katika mashauri hayo yote hakuwa na sauti, kwa hiyo fungu lake liliongezwa na kupunguzwa bila ya yeye kuulizwa. Huku nyumbani nako, sheria za uchaguzi za Zanzibar kwa miaka mingi zimeifungamanisha haki ya kupiga kura na ukaazi katika jimbo, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aendaye kwa kura ya kule huanza kwa kuiacha kura ya hapa, na atangoja miaka kabla ya kuipata ile ya huko. Katikati ya kura hizo mbili ana miaka mingi ya kukaa kimya, na kwa miaka yote hiyo fungu lake hukatwa na wengine.